Jambazi kapewa nauli, muuza dagaa kapigwa PI!

UKITAKA kujua kuwa bosi wako amekuchoka, subiri alitaje jina la mji wetu. "Nitakupeleka Sumbawanga!" Ofisi nzima kimya, utafikiri kuna msiba. Kwa miaka mingi watumishi wa serikali waliihesabu Rukwa kuwa adhabu. Mmoja aliogopa baridi ya Juni, mwingine vumbi la barabara ya kutoka Tunduma enzi zile lami haijafika, na walio wengi, tuseme ukweli, waliogopa kupigwa radi mchana wa jua kali. Mimi niliyezaliwa kule nikicheka naambiwa nina kiburi. Wazee wanasema jina lenyewe maana yake ni "tupa uchawi". Sasa mtu anaogopa nini?

Utani tuuweke kando kidogo. Ndani ya tishio la bosi kuna fikra moja ambayo imenikaa kichwani tangu likizo yangu ya miaka michache nyuma: mtu akikushinda, msogeze mbali, akawe tatizo la wengine. Bosi hajathibitisha kosa wala hajamsikiliza mtu. Kasaini karatasi, basi. Leo nataka nikusimulie, msomaji wangu, jinsi nilivyoiona fikra hiyo ikitumika kwa majambazi wenye bunduki kule kwetu, na jinsi ilivyomwacha mwenye kesi akipeta huku mtu wa watu akilia.

MASHINE IKAENDA NA MAJI

Nilikwenda kumsalimia mjomba, mdogo wake mama, anayevua samaki mwambao wa Ziwa Tanganyika. Safari yenyewe tamu. Unaondoka Sumbawanga asubuhi umejifunika sweta na kofia, pumzi inatoka kama moshi wa sigara. Unapita mashamba ya mahindi na ulezi, unafika Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Kisha uwanda wa Ufipa unakatika ghafla na gari linaanza kushuka kuelekea Kasanga. Kila kona unavua nguo moja. Ukifika chini umebaki na fulana, jasho linakutiririka, na harufu ya dagaa waliotandazwa mchangani inakupokea kabla ya wenyeji.

Nikafika nikamkuta mjomba kakaa chini ya mwembe, kichwa kimefungwa kitambaa. Shikamoo yangu akaiitikia kwa shida.

"Mpwa wangu, umekuja tuomboleze pamoja," akasema.

Siku nne kabla, usiku, alikuwa ziwani na vijana wake wawili, taa zinawaka, dagaa wanajaa. Ukaja mtumbwi bila taa. Watu watano, wawili wana bunduki. Walichukua mashine ya kusukumia mtumbwi, nyavu, dumu mbili za petroli na hela za mauzo ya wiki nzima. Mjomba alipochelewa kufungua mkoba akapigwa kitako cha bunduki. Wakawaacha hapo katikati ya maji, wapige kasia mpaka alfajiri.

Kwa wewe wa mjini unayesikia neno "mashine" ukaona jambo dogo, ngoja nikupe hesabu. Mashine ndiyo inayomfikisha mvuvi kwenye samaki na kumrudisha dhoruba ikianza. Wengi wanainunua kwa mkopo. Ikiibwa, mkopo unabaki. Wanafunzi wanarudishwa nyumbani, vijana wa chomboni wanatawanyika, na mama wa kuanika dagaa hana cha kuanika. Wizi wa namna hii umewasumbua wavuvi wa upande wetu wa ziwa kwa miaka mingi, na silaha nyingi zilizagaa baada ya vita vya Kongo vya 1996 na 1998.

Sasa sikiliza hili. Mjomba aliniambia kuwa kati ya wale watano, mmoja alikuwa akiamrisha kwa Kiswahili cha ng'ambo, kile cha "mutu" na "batu". Lakini mwingine, aliyeshika tochi, alimwita mjomba kwa jina lake la utani, tena kwa Kifipa safi kabisa.

"Jina hilo," mjomba akasema, "halijui mtu wa Moba wala wa Kalemie. Linajulikana hapa tu."

WALIOBEBWA

Siku ya tatu ya likizo yangu ikaja doria. Kazi ilianza saa kumi alfajiri, nyumba kwa nyumba. Kufika saa mbili watu kumi na mmoja walikuwa wamekalishwa chini mbele ya ofisi ya kijiji. Nitakueleza habari za wawili tu.

Wa kwanza ni kijana ambaye hakuna aliyemfahamu vizuri. Alikuwa amepanga chumba miezi miwili, hana kazi inayoonekana, ila hela hazimpigi chenga. Chini ya kitanda chake ilikutwa nyavu ambayo mjomba aliitambua kwa mshono wa mkono wake mwenyewe. Hana kibali, hana pasi, ni mtu wa ng'ambo. Nilipomsikia akijibu maswali, mjomba akanifinya mkono.

"Ndiye huyo. Sauti ndiyo hiyo."

Wa pili ni muuza dagaa. Huyu kijiji kizima kilimjua. Alivushwa ziwa akiwa mtoto wakati wa vita, akafikia kwa shangazi yake aliyeolewa hapo hapo mwambaoni. Wakongo wenzake wengi walipelekwa kwenye kambi za Nyarugusu na Lugufu kule Kigoma, wakaandikishwa kuwa wakimbizi. Yeye hakupelekwa, kwa hiyo hakuandikishwa popote. Akakua, akaoa binti wa Kifipa, wakazaa watoto watatu. Alikuwa mwimbaji wa kwaya na mfungaji magoli wa timu ya kijiji. Kosa lake siku ile lilikuwa kusema "mutu".

Jamani, bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Ufipa akazikwa Ufipa, mpaka anakufa alisema "muntu". Angekuwa hai siku ile angekalishwa chini naye?

Yule wa tochi, mwenye Kifipa safi, alikuwepo pia. Nilioneshwa kwa jicho tu. Alikuwa amesimama pembeni na wenzake, mikono mfukoni, anatazama. Alipoulizwa alitoa kitambulisho cha taifa, akaachwa. Kilikuwa halali kabisa.

Mjomba alijitayarisha. Akafua shati la kwenda mahakamani. Alisikia kuwa mtuhumiwa wa unyang'anyi huwekwa kwenye gwaride la utambulisho, na yeye aliyepigwa ataitwa amguse bega mtu wake. Akasubiri wiki, akasubiri ya pili. Ya tatu ikaja habari kuwa wale wageni wote wamekwisha kupewa PI, wamerudishwa kwao kwa boti.

"Wote?" mjomba akauliza.

Wote. Yule mwenye nyavu chini ya kitanda na yule mwimba kwaya, boti moja, karatasi zinazofanana.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. "Mimi nilitaka afungwe. Wao wamemlipia nauli."

SHERIA INASEMAJE?

Niliporudi Sumbawanga nilimtafuta mshikaji wangu mmoja tuliyesoma naye, siku hizi ni wakili. Tukakaa mgahawani, chai ya maziwa na maandazi, kwa sababu kwenye baridi ile bia haipandi. Nikamwuliza: hivi nchi hii mwanachama wa genge akiwa mgeni anafanywa nini?

Akanicheka. "Kwanza elewa kuwa kuna milango miwili," akasema. "Na watu wanaichanganya."

Mlango wa kwanza ni wa jinai. Huu haumuulizi mtu katoka wapi. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, awe Mfipa, Mkongo au Mzungu. Kuna pia Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa ya 1984, na humo ndimo linamotoka lile shitaka unalolisoma kila siku magazetini, la kuongoza genge la uhalifu. Mlango huu una mahakama, mashahidi, vielelezo na rufaa. Ni mzito kuufungua. Unataka shahidi asafirishwe kutoka ziwani mpaka mjini, tena zaidi ya mara moja. Unataka mtu wa kuthibitisha kuwa nyavu ni ya fulani.

Mlango wa pili ni wa Sheria ya Uhamiaji, Namba 7 ya 1995, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015. Humo ndimo anamopatikana huyu anayeitwa mhamiaji aliyepigwa marufuku, ambaye mtaani tunamwita PI. Orodha yake ni ndefu. Yumo mtu aliyehukumiwa kifungo nje ya nchi na wakubwa wakaona hafai. Yumo mfanyabiashara wa dawa za kulevya. Yumo aliyekwisha kupewa amri ya kuondoshwa, na yumo ambaye kuwepo kwake nchini ni kinyume cha sheria. Tena yumo yule ambaye Waziri au mkuu wa Uhamiaji ameona tu kwamba kuwepo kwake hakutakiwi.

"Umeona?" wakili akaniambia. "Muuza unga yumo, na mtu asiye na karatasi yumo. Wanatoka na jina moja. Ukishaandikwa PI, anayesoma hajui wewe ni yupi kati ya hao."

Nikamwuliza, sasa serikali ifanye nini, ikae na majambazi wa kigeni? Akatikisa kichwa. Hakuna nchi duniani isiyokuwa na haki ya kumwondoa mgeni mhalifu. Sheria yetu inaruhusu mgeni ashitakiwe, afungwe, na akimaliza kifungo ndipo asindikizwe mpakani. Uingereza nayo, kwa sheria yake ya mipaka ya 2007, inamwondoa mgeni aliyefungwa miezi 12 au zaidi, labda awe na sababu zinazokubalika. Hata mkimbizi ambaye mkataba wa kimataifa wa 1951 unakataza asirudishwe kwenye hatari, mkataba huo huo, Ibara ya 33, unamtoa kwenye kinga akiwa amehukumiwa kwa kosa zito na ni hatari kwa jamii. Lakini angalia neno lililotumika: amehukumiwa. Mahakama kwanza, boti baadaye.

Kwetu mwambaoni boti ilitangulia. Na boti ikishatangulia, mahakama haina mtu wa kumhukumu.

MPAKA WA KALAMU

Kuna jambo lingine mtu wa Dar halioni mpaka afike kule. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani walitia saini mkataba wa kugawana maeneo yao. Mstari ukapitishwa kutoka Ziwa Nyasa mpaka mdomo wa mto Kalambo kwenye Ziwa Tanganyika. Wamambwe na Walungu wakalala ndugu wakaamka wengine wa Mjerumani, wengine wa Mwingereza. Leo ni Tanzania na Zambia. Ukipanda juu ya maporomoko ya Kalambo, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200, mguu mmoja unaweza kuukanyaga huku na jicho likawa limekwisha kuvuka. Watu wa huku wana shangazi Mbala, wa Mbala wana mashamba huku. Wanapita Kasesya kwenda kwenye misiba, na wengine hawapiti Kasesya wala popote pa kugongewa muhuri, wanakata porini kama babu zao.

Sasa mtu kama huyo mwambie athibitishe uraia. Kwa sheria iliyoanza na Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika akawa raia moja kwa moja ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Vyeti vya kuzaliwa vya wakati huo kijijini vilikuwa wapi? Kilichokuwepo ni kumbukumbu za wazee. Ndiyo maana mimi mwenyewe, nikiwa kwenye kosta usiku mmoja njia ya kutoka ziwani, nilimulikwa tochi usoni na mkubwa mmoja ambaye sitamtaja, nikaambiwa nitaje majina ya wakuu wa mikoa. Nikayataja mawili. Nani anayajua yote? Kilichoniokoa ni kitambulisho cha gazeti, na lafudhi ya Kariakoo niliyoiokota Dar. Aliyekaa siti ya nyuma yangu, mzee wa Kimambwe mwenye kikapu cha mihogo, aliteremshwa.

Kwa upande wa muuza dagaa hali ni ngumu zaidi. Wakili alinifafanulia nikabaki mdomo wazi. Mwanamke wa kigeni akiolewa na Mtanzania, Sheria ya Uraia ya 1995 ina mlango wake maalumu wa kuombea uraia. Mwanamume wa kigeni akimwoa Mtanzania, mlango huo hana. Apite njia ndefu ya kuandikishwa: awe ameishi miaka inayotakiwa, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na awe ameishi kihalali. Hilo la mwisho ndilo lililomkwamisha kabla hajaanza. Watoto wake watatu ni raia, mama yao ni raia, baba ni PI.

Na usifikiri nchi hii haijui kufanya vizuri. Katumba na Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, yalikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa kabla Katavi haijazaliwa mwaka 2012. Watu wale walilima mpaka wakawa wanalisha wengine. Kuanzia 2007 wakaulizwa, mnataka kurudi au kubaki? Walio wengi wakasema kubaki. Watu 162,156 wakakubaliwa uraia, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Walichukuliwa mmoja mmoja, fomu kwa fomu. Ilichukua miaka, lakini ilifanyika.

KIMBUNGA

Upande wa pili wa shilingi tuliuona mwaka 2013. Mabasi ya Kagera na Kigoma yalikuwa yametekwa kwa miaka, abiria wakivuliwa mpaka viatu, magari yakisafiri kwa kusindikizwa na polisi wenye bunduki. Watu walichoka, na walikuwa na haki ya kuchoka. Julai mwaka huo Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, akatoa wiki mbili: wenye silaha wazisalimishe, walioingia kinyemela waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita.

Silaha zilikamatwa na watu wengi wa mikoa ile walipumua. Lakini humo humo waliondoka maelfu ya watu waliokuwa wameishi miongo, wenye wake na waume Watanzania, wengine wakidai kuwa ni raia kabisa. Jambazi na mfugaji walikuwa kwenye sentensi moja ya tangazo, basi wakawa kwenye msafara mmoja.

Wazee watakumbuka kuwa dawa hii ni ya zamani kuliko Uhuru. Mwingereza alituachia sheria iliyomruhusu mkubwa kumhamisha mtu kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine bila kesi. Ilibaki vitabuni mpaka miaka ya themanini. Mwaka 1988, katika kesi ya Chumchua Marwa, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akatamka kuwa sheria hiyo inapingana na Katiba. Na Katiba yenyewe, Ibara ya 13, haisemi haki ya kusikilizwa ni ya raia tu. Inasema mtu. Kwa lafudhi ya ng'ambo, mutu.

NGOMA YA LOS ANGELES

Wale tuliokua tukivaa jinzi za kushuka na vitambaa kichwani tukijifanya masela wa Los Angeles, hili linatuhusu. Genge la MS-13 unalolisikia lilizaliwa huko huko Los Angeles miaka ya themanini, miongoni mwa vijana waliokimbia vita vya El Salvador. Marekani ikaona dawa ni moja. Sheria ya 1996 ikapanua makosa ya kumfukuzisha mgeni, na vijana wakapakiwa kwenye ndege kwa maelfu. Walikotupwa nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani, polisi wachanga, ajira hakuna. Genge likaota mizizi, likasambaa mpaka Honduras na Guatemala, na ubavu wake ukarudi kaskazini. Machi 2022 El Salvador ikatangaza hali ya hatari, na makumi ya maelfu wakafungwa, wenye magenge na wasio nayo.

Halafu Machi 2025 Marekani ikaitoa kabatini sheria ya mwaka 1798, ya wakati wa vita, ikawapeleka Wavenezuela zaidi ya 200 kwenye gereza kubwa la El Salvador kwa madai kuwa ni wa genge la Tren de Aragua. Hawakupitishwa mahakamani kujibu madai hayo. Ndugu na mawakili walilalamika kuwa tatuu za mwilini zilihesabiwa kuwa ushahidi. Julai mwaka huo huo wakarudishwa Venezuela kwa mabadilishano ya wafungwa.

Niliposoma habari ile nikamkumbuka muuza dagaa. Wenzao walisomwa ngozi, yeye alisomwa ulimi.

Na usiseme "ya Wakongo hayanihusu". Mtaani kwako pana mtu aliyezamia Sauzi, kwa meli au kwa kupita Tunduma na Zambia. Waulize waliorudi. Mtanzania mmoja akikamatwa na unga Durban, vijana wote wa Bongo wa mtaa ule wanaitwa genge, yule muuza mitumba na yule kinyozi pia. Tukirudishwa sisi tunalia tumeonewa. Tukirudisha sisi tunapiga makofi.

SWALI LA MAMA WATATU

Kabla sijaondoka mwambaoni nilipita nyumbani kwa muuza dagaa. Mkewe alinikaribisha kigoda, akaniletea uji wa ulezi. Mtoto wa mwisho alikuwa amelala mgongoni. Nilidhani atanililia. Hakulia. Aliniuliza swali moja.

"Kaka, wewe wa gazeti unajua mambo. Mume wangu walimchukua kwa kuwa ni jambazi au kwa kuwa ni mgeni? Maana kama ni jambazi, mimi nataka kujua, niwaambie watoto. Na kama ni mgeni, kwa nini watu wanapita hapa wananiita mke wa jambazi?"

Sikuwa na jibu. Ile karatasi ya PI haisemi. Angeshitakiwa mahakamani kwa kuishi bila kibali, hukumu ingetaja hilo tu, na jina lake la ujambazi lingesafishwa siku hiyo hiyo. Angeshitakiwa kwa wizi, mjomba wangu angesimama kizimbani akasema wazi, huyu hakuwepo. Alikuwa tayari kusema hivyo. Aliniambia mimi, akamwambia mtendaji wa kijiji, ila hakuna aliyemwita aseme mahali panapoandikwa.

Wiki ya sita tangu boti iondoke nilipigiwa simu Dar. Mjomba. Vyombo viwili vimevamiwa usiku uliopita, mtindo ule ule, mtumbwi bila taa. Waliovamiwa walisema anayeamrisha ni kijana wa "batu", na mwenye tochi anajua majina ya utani ya watu. Yule wa kwanza alikuwa amekula nauli ya bure, akapumzika, akarudi kazini. Yule wa pili hakuwa na haja ya kurudi, maana hakuwahi kuondoka. Muuza dagaa peke yake ndiye aliyetii amri. Yuko Moba. Mkewe hupanda kilimani Jumamosi kutafuta mtandao wampigie, watoto wazungumze kwa zamu.

Mimi si mwanasheria, msomaji wangu, na wala sisemi wakubwa wa doria wana kazi nyepesi. Ziwa ni refu na boti zao ni chache. Lakini nimejifunza kitu kimoja. Mtu akishutumiwa ujambazi, swali la kwanza liwe alifanya nini. Alizaliwa wapi liwe la mwisho, hukumu ikishasomwa. Ukianza na la mwisho unapata orodha ndefu ya watu wa kupakia, na unajisikia umefanya kazi kubwa, huku aliyempiga mjomba anasubiri usiku.

Wewe kijana wa mjini, kama una ndugu mpakani mwenye mume, mke au mtoto asiye na karatasi, usingoje doria. Nenda naye ofisi ya Uhamiaji mchana kweupe, akaulize habari za kibali. Tafuteni wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Anayekwenda mwenyewe anaanza kwa kusikilizwa. Anayebebwa alfajiri anaanza kwa kukalishwa chini.

Mjomba amenunua mashine nyingine, kuukuu, inakohoa kuliko yeye. Lile shati la mahakamani limekunjwa kwenye sanduku, halijavaliwa. Nilipomtania kuwa alivae kanisani akakataa.

"Liache," akasema. "Siku wakiniita gwaride nitavaa nini?"

Alamsiki. Wiki ijayo, tukijaliwa, tutarudi kwenye mambo ya mapenzi.